Mkono Niliokatazwa

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, Buyenzi kote ni matope, na mimi nimeketi mezani na karatasi yangu.

Jumapili ijayo tunamsomea baba khitma; mwaka unatimia tangu atutoke. Familia imeniagiza niandike maneno ya kumkumbuka, niyasome mbele ya watu, eti kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa vitabu. Wanadhani anayekula sana ndiye anayejua kupika. Wiki nzima naandika "Baba alikuwa mtu mwema" na kukwama hapo hapo. Mtu mwema! Hata jirani tusiyesalimiana naye angeandika hivyo.

Basi leo nikapanda hadi Kinanira, ambako kundi letu la vitabu lilikuwa na atelier, yaani warsha, ya ubunifu. Nilikwenda kwa kukosa pengine pa kwenda.

Aline, anayetuongoza, aligawa karatasi, akasema: "Leo kila mutu anaandika na mukono ile hajazoea. Musifikiri, muandike tu."

Maman Salma, muuza vitenge, akaruka: "Na kushoto? Apana, Aline, mi siwezi!" Tukacheka. Maandishi yake yalikuwa kama kuku amepita kwenye unga.

Yangu hayakuwa hivyo.

Nilizaliwa mashoto. Bibi, mama yake baba, alinifunga mkono ule kwa leso nilipokuwa mdogo, maana kwetu mkono wa kushoto hauli wala hautoi salamu. Nikazoea mkono wa kulia, nikasahau. Leo nilipoishika kalamu kwa kushoto, ilikwenda yenyewe, herufi kubwa kubwa za kitoto, ikaandika jambo ambalo sikujua kama ninalo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Bibi akianza kuswali magharibi, baba ananifungua leso, ananipa chaki yake ya kuchorea nguo na kipande cha kitambaa cheusi. "Chora, mama. Usiambie bibi." Kabla bibi hajakunja mswala, ananifunga tena. Taratibu, asinibane.

Asinibane. Vidole vyake nilikuwa nimevisahau kabisa.

Subhanallah! Nilipowasomea wenzangu, Maman Salma alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikujua kwamba mkono unaweza kutunza kitu ambacho kichwa kimeshakipoteza. Nauangalia hapa mezani, mkono wa kawaida tu, una kovu la kisu cha jikoni, na moyo unanienda mbio kwa ajabu ya Mungu.

Shida ni moja. Bibi yu hai, na Jumapili atakaa mbele kabisa. Mwanawe alikuwa akimzunguka kila magharibi, na hadi leo hajui.

Nisome, au ninyamaze?

Nitasoma. Baba, nisamehe, siri yetu naitoa. Nataka mama yako ajue alizaa mtu wa namna gani.