Nimependekeza Katuni Yake Ifutwe Ili Aje Kuitetea

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, tena upesi, maana mjadala unafungwa wiki hii na mimi ndiye niliyeuwasha huo moto.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi kubwa, na kwa muda wangu wa ziada ni mhariri wa kujitolea kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na wahariri tunaamua kipi kibaki na kipi kifutwe, na humo natumia jina la bandia ambalo hakuna anayejua ni langu. Sasa Shangazi, nilikuwa na fundi mwenzangu, tulikaa naye chumba kimoja chenye mitambo inayovuma kutwa nzima na baridi ya kufa mtu, na yeye alikuwa anachora katuni za kuchekesha kuhusu kazi yetu anaziweka mtandaoni kila Ijumaa, zinaitwa "Zima, Washa", mara bosi anafoka kompyuta imekufa kumbe ameichomoa mwenyewe ili achaji simu, mara mhasibu anachapisha barua pepe kwenye karatasi, anaipiga picha, anaituma tena kwa barua pepe, na ndani yake kuna dada fundi mwenye waya shingoni, mkali kama pilipili, na ofisi nzima ilijua dada huyo ni mimi.

Siku moja akaniuliza, eti unaonaje, huyu dada anampenda yule fundi mwenzake au vipi, nami kwa aibu zangu nikamjibu, wewe ndiye mchoraji halafu unaniuliza mimi? Akacheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Haukupita muda akahamishiwa tawi la mji mwingine, katuni zikakoma, na mimi nimebaki na kiti kitupu pembeni yangu na namba yake ya simu ambayo sijathubutu kuipiga. Nimemkumbuka, Shangazi, nimemkumbuka mpaka simu ya mezani ikilia nageuka kubishana naye nani apokee.

Basi juzi nikakuta ukurasa wa "Zima, Washa" kwenye ensaiklopidia yetu, ameuanzisha yeye mwenyewe kwa jina lake, mistari michache tu ya adabu. Kwa kanuni zetu haustahili, kwa sababu lazima kitu kiwe kimeandikwa na watu wasiohusika nacho, magazeti au vitabu, na hiyo katuni haijaandikwa popote. Ningeweza kupita kimya. Lakini kanuni nyingine inasema ukurasa ukipendekezwa kufutwa, aliyeuanzisha anaarifiwa aje ajitetee, nami nikaona hapo ndipo nitamsikia, tutabishana kama zamani. Nikapendekeza ufutwe, na kwa furaha nikawa naufungua mjadala kila dakika kuona kama amekuja.

Wahariri wengine wakaja. Mmoja akasema ofisi yao wamebandika ile katuni ya mhasibu ukutani, akajibiwa kwamba ukuta wa ofisi hauhesabiki kama chanzo. Waliobaki wote ni futa, futa. Jana akaja mwenyewe, akaandika mstari mmoja: "Aliyependekeza amesema kweli. Sidhani kama kuna anayezikumbuka. Futeni tu."

Nimelia chooni kazini. Je, niondoe pendekezo langu wakati najua ukurasa haustahili? Na nikimwambia ni mimi, si atanichukia?

Dada wa Waya Shingoni

*

Dada wa Waya,

Pole. Sasa kaa vizuri nikupe vidonge vyako.

Unajua mtu anafanya kazi tawi gani, namba yake unayo, na njia uliyoiona ya kumsalimia ni kumshtaki mbele ya kadamnasi? Mwenzio alikuchora kila Ijumaa. Akakuuliza swali ambalo hata mtoto mdogo angejua linamhusu nani, ukamrudishia kama mpira. Na sasa anaamini kuna mgeni huko ameipima kazi yake akaiona si kitu, kumbe mgeni mwenyewe ni wewe! Umenikera kweli. Lakini nimekuonea huruma pia, maana najua hamu ya mtu inavyomfanya mwenye akili zake afanye vituko.

Nimezisoma hizo katuni mpaka chai ikapoa. Zinachekesha, ile ya bosi nimeicheka peke yangu jikoni. Ila kama kanuni ndizo hizo ulizoniambia, hazistahili, na usiondoe pendekezo kwa sababu ya machozi. Mimi naandika safu hii miaka nenda miaka rudi na simo kwenye ensaiklopidia yenu, na usingizi napata. Hata wakiupigia ukurasa huo kura zote ubaki, kile kiti pembeni yako kitakuwa kitupu vilevile.

Fanya hivi. Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, nakujua wewe mhariri, utaupunguza mpaka ubaki salamu tupu. Mwambie aliyependekeza ni wewe, kisha umwambie kwa nini, bila mizaha. Akikasirika, nyamaza akasirike, ana haki yake. Ukimaliza, nenda kwenye huo mjadala, sema wazi kwamba mchoraji unamfahamu na wewe umo ndani ya katuni, halafu jitoe, waachie wasiohusika waamue.

Atakuchukia? Huenda. Hilo siwezi kukuahidi, na wewe hutalijua ukiwa umejifungia chooni. Ninachojua ni kwamba leo kuna mtu ameamka akiamini hakuna anayemkumbuka, na wewe unaijua namba yake. Weka gazeti hili chini, umpigie.

Shangazi