Bila Unga, Baba

Majani Mapana, Tanga
3 Agosti 2024

Baba yangu Mzee Zebedayo,

Shikamoo. Miguu inasemaje siku hizi? Na dawa ya presha, unameza au unaificha chini ya godoro kama mwaka jana? Sisi huku wazima. Mwanao nimenenepa, usiniulize kwa nini. Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unaitikia "eeh, eeh" kisha unakata, na jambo hili sitaki ulisikie nusunusu. Barua atakuletea Mwatumu, yule anayeleta nazi mjini kila Jumatatu kutoka huko kwenu.

Kinamama wa usharika wa hapo kambini kwa wafanyakazi wa mkonge wamenipigia. Kanisa linatimiza miaka hamsini Jumapili ya tarehe 22 Septemba, na wameniomba niwe mpishi mkuu wa sikukuu. Nimekubali kabla hawajamaliza kuniomba. Nitapika chopsi za nguruwe, kama zile ulizokuwa ukipika klabu ya mameneja wa shamba la mkonge, kipande kinene na mfupa wake wa ubavu.

Ila mimi nakaanga bila unga, nakwambia mapema usije ukaanguka siku ya siku. Nyama natia chumvi tangu asubuhi. Naifuta kwa kitambaa mpaka iwe kavu kabisa. Ule ukingo wa mafuta naukatakata kidogo ili kipande kisijikunje. Kikaango nakiacha kipate moto haswa, naisimamisha nyama kwa upande wa mafuta kwanza, yayeyuke, kisha nailaza na siigusi. Ikiiva upande mmoja inajiachia yenyewe. Nageuza, natupia kitunguu saumu, naiacha mpaka maji yake yawe meupe, naipua na kuifunika ipumzike. Ukikata, inatoka mchuzi wake yenyewe. Baba, ni tamu jamani!

Niombee.
Mwanao, Ritha


Kambini, barabara ya Pangani
9 Agosti 2024

Mwanangu Ritha,

Marahaba. Miguu ipo, inanifikisha kanisani na chooni, kwingine sina shughuli. Dawa nameza. Huyo Mwatumu ananisalimia vizuri, ila amesema barua atabeba, kifurushi cha nyama ile asithubutu mtu kumpa. Nimemwambia ana haki.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu.

Nilivaa aproni ya klabu miaka thelathini na moja. Mameneja wamekuja na kuondoka, mimi nipo jikoni. Chopsi huchemshwa kwanza, kwa sababu nguruwe ana minyoo. Kisha hupakwa unga wa ngano, upande huu na upande huu, halafu hukaangwa. Hiyo ndiyo chopsi. Isiyo na unga ni mtu aliyetoka barazani bila shati. Wageni watatoka Pangani, watatoka Tongoni, askofu atakuwepo, na wewe unataka kuwawekea nyama uchi?

Halafu sikiliza nikwambie. Wewe unajua kupika, sikatai. Mama yako naye alijua, Mungu amlaze pema. Mpishi ni neno jingine. Pale klabuni wapishi tulikuwa wanaume watupu, na kazi ile aliirithi mtoto wa kiume. Nimeshawaambia wazee wa kanisa kwamba mpishi mkuu ni kaka yako Edgar. Wewe utamsaidia.

Baba yako,
Zebedayo


Majani Mapana, Tanga
12 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana nina maneno na sitaki kuyamwaga kwa mgonjwa.

Edgar! Haki ya nani, Edgar! Amenipigia kutoka Horohoro anacheka mpaka anakohoa. Amesema, "Dada yangu, mimi kazi yangu ni makaratasi ya forodha. Mwambie mzee maziwa yenyewe nikiyabandika yanafurika." Huyo ndiye mrithi wako. Wakati mimi nina miaka sita nimekaa kwenye ngazi ya jiko la klabu namenya vitunguu vyako, machozi yananitoka, yeye alikuwa anafukuza mpira. Nani alijua kwamba ukinyanyua kidole kimoja unataka pilipili manga? Nani alijua ukipiga mluzi mambo yameharibika? Ni mimi Baba. Mwanamume alikuwa uwanjani.

Sasa nije kwenye unga. Unga unaficha nyama. Unga unakunywa mafuta yote, na ukipoa unakuwa soli ya kandambili. Na ukishachemsha, ule utamu umeumwaga na maji, unachokaanga ni uzi. Watu wa hapo kambini wameila nyama ngumu maisha yao yote wakidhani nguruwe ndivyo alivyo! Kuhusu minyoo, nguruwe wangu anakaguliwa na daktari wa mifugo na kupigwa mhuri, na sipui mpaka wekundu umeisha hadi kwenye mfupa. Laini si mbichi, Baba. Hayo ni mambo mawili.

Sitamsaidia Edgar. Nimeongea na kinamama, na wao wamesema wazee wa kanisa waendelee na kusoma matangazo, jikoni hawana kura.

Njoo uonje. Jumamosi yoyote, panda basi la asubuhi, utanikuta. Ukionja ukasema mbaya, nitanyamaza. Lakini onja kwanza.

Mwanao, Ritha


Kambini
30 Agosti 2024

Ritha,

Salamu. Mimi sijambo.

Siji. Sionji.

Ukija na unga, karibu. Ukija bila unga, pika unavyotaka, kwa kuwa kinamama wamewazidi nguvu wazee. Ila akikuuliza mtu nani amekufundisha, usinitaje. Sitaki jina langu lisimame karibu na nyama ile.

Baba yako


Majani Mapana
2 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Sitakutaja. Nakuja Jumamosi tarehe 21 na nguruwe wawili wenye mhuri. Unga sibebi hata wa kunyunyiza.

Mwanao


Majani Mapana, Tanga
23 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo naitoa kwa sababu ulinilea nikajua kuitoa. Afya yako niliiona jana kwa macho yangu, u mzima kabisa, kwa hiyo siulizi.

Hivi Baba, nimekukosea nini mimi?

Tangu saa kumi na moja alfajiri niko kwenye makaa, majiko sita, vikaango sita. Upande wa pili Mzee Mwinyijuma amewachinjia kuku majirani zetu Waislamu, na kina Sabiha wanapika pilau yao kwa sufuria zao, mbali na zetu, hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila kitu kimekwenda kama maji. Askofu amekula kipande kizima akaomba cha pili. Mama Mchungaji ameshika mfupa kwa mikono miwili mbele za watu, mwanamke yule ambaye hata embe hula kwa kisu! Bibi Kristina, yule asiye na meno, amekula, Baba. Amekula chopsi. Ameniita akanishika shavu akasema miaka yote alidhani chakula kile si cha watu kama yeye.

Nikakuletea sahani yako mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikuchagulia kipande bora kuliko vyote. Meza nzima ilikuwa inakutazama, kila mtu anajua Zebedayo wa klabu ni nani. Ukaitazama ile nyama. Ukachukua sahani nyingine ukaifunika. Ukakaa hivyo, mikono juu ya sahani, kama mtu anayelinda maiti. Halafu kwaya haijamaliza wimbo wa mwisho, ukainuka, ukabeba sahani zako mbili, ukaenda.

Unajua mzee mmoja wa kanisa alisema, "Mwenyewe amekataa, basi ina kasoro"? Nilijifanya kukwangua masizi kwenye kikaango mpaka watu wakatawanyika. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na nane, nina wajukuu, nalia kwenye masizi.

Kama ulimpa mbwa nyama ile, niambie nijue. Ungeionja ukaitema, ningevumilia. Kufunika, hapana.

Ritha


Majani Mapana, Tanga
14 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Mwatumu ananiambia u mzima, unafagia uwanja, na kila Jumatatu unamuuliza kama ana barua yako. Anayo, hii hapa. Sasa usifikiri ni ya kuomba radhi. Siombi. Ningeambiwa nirudie sikukuu ile kesho, ningekaanga vilevile, na ningekuletea sahani vilevile, uifunike mpaka uchoke.

Nakuandikia kwa jambo moja. Juzi nimepika kwenye kipaimara cha mtoto wa Timotheo, yule mwenye duka la vifaa vya uvuvi Pangani. Walisikia habari zangu kwenye sikukuu wakanifuata. Watu wamekula, wamelamba vidole. Timotheo akaja mpaka jikoni, akauliza, "Mama, umefundishwa na nani kazi hii?"

Nikakumbuka barua yako. Nikamjibu, "Hakuna aliyenifundisha."

Baba, nimesema maneno mengi ya ukaidi katika maisha yangu, na mengi nimekuambia wewe. Hakuna lililoniuma kama hilo. Nilijiona nimemkana mtu. Kuijua nyama kwa kidole kama imeiva, nimejifunza kwako. Kusikiliza mafuta, kwako. Kumwita aliyeosha sahani aje ale kwanza, kwako. Unga peke yake ndio nimeukataa. Unga, Baba! Ule wa kupakapaka! Kwa ajili ya huo umekubali nisiwe mtoto wa mtu?

Nimetii neno lako mara moja, na sitatii tena. Akiniuliza mwingine, nitakutaja kwa sauti. Ukitaka nishitaki kwa mchungaji.

Mwanao, upende usipende,
Ritha


Kambini, barabara ya Pangani
27 Oktoba 2024

Mwanangu Ritha,

Marahaba, na ile ya tarehe 23 nayo marahaba, sikuijibu. Mimi mzima. Barua hii nimeiandika siku nne. Isome polepole kama nilivyoiandika.

Mwaka 1969 nilikuwa na mwaka wa pili klabuni. Siku hiyo ililetwa nyama ya nguruwe kutoka milimani, imechinjwa asubuhi ileile. Nikainusa. Nikajisemea, nyama hii nikiipaka unga nitakuwa nimeitukana. Nikaifuta, nikaitia chumvi, nikaikaanga hivihivi, kama wewe. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu na niliijua nyama.

Meneja akaja jikoni na sahani mkononi. Memsahibu wake alikuwa nyuma yake. Kwao, alisema, chopsi ina unga, na mimi nimempa mkewe nyama uchi, mshenzi mimi. Akanimwagia sahani kifuani, mafuta bado ya moto. Lile kovu niliwaambia ninyi watoto ni la taa ya chemli. Si la taa. Wenzangu wote walikuwepo. Mama yako ana mimba ya Edgar, nyumba ni ya kampuni. Nikasema, "Samahani, bwana." Nikainama nikaokota.

Kesho yake nikapaka unga. Meneja yule aliondoka baada ya miaka miwili, wakaja wengine ambao wangekula chochote, nami nikaendelea kupaka. Nilipaka mpaka nikaamini kwamba ni mimi niliyeamua. Nikawafundisha vijana kwamba bila unga si chopsi. Neno lile la uchi nililokuandikia mwezi wa nane si langu. Ni lake. Nimelibeba miaka hamsini na tano nikakutupia wewe.

Siku ya sikukuu uliponiwekea sahani, ile harufu ilinifika kabla ya nyama. Kifua kikawaka palepale. Nilijua nikikata kipande kimoja nitalia mbele ya askofu na watoto wa shule ya Jumapili. Ndiyo maana nikafunika. Huyo mzee wa kanisa aliyesema ina kasoro, yeye na wenzake nimewaendea Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, nikasimama mbele nikawaambia wote kwamba kasoro ilikuwa kwangu, na mpishi wa usharika huu ni Ritha, na asiyetaka aende akachemshe mihogo kwake. Mchungaji aliniambia kaa chini mzee. Sikukaa.

Mbwa hakupata kitu. Niliila nyumbani, nimefunga mlango, nikaila mpaka mfupa. Chumvi umeipatia. Kupumzisha umepatia. Ila ule ukingo wa mafuta uliulaza mapema, ungesimama dakika moja zaidi. Yangu ya mwaka 1969 ilikuwa nzuri kuliko yako. Kidogo tu.

Mwambie Timotheo ulimdanganya.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Nunua nyama nene, yenye mhuri, na uwashe mkaa. Usipike kitu. Utakaa kwenye kiti na utakula nitakachokuwekea, na unga nisiuone ndani ya nyumba.

Mpishi mwenzio,
Baba