Mama Amejijibia Mwenyewe

Goma, Jumanne

Yaya Jephté, kaka yangu,

Daktari Florent ametuambia asubuhi hii kwamba mguu wa kushoto wa mama hauponi tena. Usipokatwa chini ya goti wiki hii, uozo utamuua. Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo unalongojea. Sasa nikusalimu: huko Minova mko namna gani? Mke wako amepata nafuu ya malaria? Sisi tunasukuma siku, ila tumechoka. Simu yako haiiti, kwa hiyo nampa Samy barua hii, anapanda boti ya mchana.

Hospitali imejaa watu wa kambi ya Kanyaruchinya waliojeruhiwa na bomu pamoja na mama. Wengine wanalala chini, kwenye kolido. Yeye ana kitanda, na bado anamtania jirani yake, Mama Masika, kwamba anakoroma kuliko vita.

Nilimweleza daktari agizo lako la Jumapili: mama aambiwe anasafishwa kidonda tu, na baba mdogo Donat atie sahihi kwa niaba yako, kama ilivyo kwetu. Baba mdogo alikuwa ameshashika kalamu. Daktari alimwambia, kwa heshima: “Muzee, mama huyu ana akili zake timamu. Hatumkati mutu mguu huku anafikiri tunamuosha.” Baba mdogo alinuna, akauliza tangu lini wagonjwa wanatishwa namna hiyo.

Daktari hajui Kinande anachosema mama, basi ilibidi nitafsiri mimi. Baba mdogo alinikonyeza nikutii.

Sikukutii, yaya. Nilitafsiri yote: mguu kukatwa, maumivu, magongo, na kwamba anaweza kufa kwenye meza ya upasuaji. Mama aliuliza tukikimbia tena, nani atambeba. Akajijibu kwamba hata maiti yake ingebidi ibebwe. Akamwambia baba mdogo aweke kalamu chini, kwani si yeye aliyetembea na mguu huo kutoka Rutshuru. Akaweka dole gumba lake kwenye karatasi.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ukiweza kupanda boti ya kesho, njoo. Usije kuamua, njoo ukae naye. Wasalimie mke wako na watoto.

Atapasuliwa Alhamisi asubuhi. Kabla ya kumwingiza, muuguzi Wivine atamuuliza tena kama bado anakubali, na hata hapo mlangoni anaweza kusema hapana.

Mdogo wako,
Kahindo