Shoka Lilikuja Peke Yake

Usenge, 28 Aprili 2024

Kwa mwanangu Ondiek,

Hamjambo huko Manyatta? Winny na watoto wazima? Mimi ni mzima kuliko nyinyi wote. Jumanne ziwa lilifika mlangoni, nikalikemea kwa jina la babu yangu, likarudi nyuma kama mbwa aliyeiba samaki.

Huo ni uongo, hata karatasi imeona haya. Maji yaliingia, yakakaa kwenye kiti changu, mimi ndiye niliyetoka. Sasa nalala shuleni pamoja na majirani. Wamenipa darasa la nne, palepale nilipoachia masomo, kwa hivyo usiseme baba yako hakurudi shule.

Chifu anasema kule kwetu hatutarudi. Lakini shamba la kilimani bado ni letu, nataka kuhamia huko kabla shule hazijafunguliwa. Unajua kuanzisha dala, yaani boma jipya, si kubeba godoro tu. Mimi natangulia na jogoo, wewe mtoto wangu wa kwanza unanifuata na shoka, mama anabeba moto. Mama yako ametangulia mbele za haki. Moto atabeba shangazi yako Jacinta, wazee wamekubali baada ya kunitukana kidogo. Shoka halina mwingine. Njoo Jumamosi tarehe 11.

Barua analeta Metrine, yule mama anayenunua dagaa wa omena hapa, kwa sababu kwenye simu sikusikii, nasikia mbu tu.

Baba yako

Manyatta, 5 Mei 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, ila mtoto mdogo anakohoa. Masikio yako je? Winny alicheka barua yako mpaka chai ikapoa.

Baba, njoo ukae kwetu. Chumba ni kimoja lakini tutaweka pazia. Kilimani utaishi na nani, na maji ya kunywa yako mbali? Hapa bomba liko mlangoni. Na usinianzishie ile hadithi ya baba kutolala katika nyumba ya mwanawe. Hii si nyumba yangu, ni ya landilodi.

Jumamosi nina kazi. Nimepata kibarua cha kuchomelea milango. Nikikosa siku moja, tajiri anachukua mwingine. Lakini sitaki ukwame. Nitafanya kitu.

Mwanao, Ondiek

Usenge, 12 Mei 2024

Ondiek,

Natumaini kikohozi cha mtoto kimepungua. Shoka limefika.

Tulikuwa barabarani tayari: mimi na jogoo kwapani, Jacinta na moto kwenye chungu, wazee saba na njaa zao. Metrine akashuka na gunia. Nikamuuliza, "Ondiek yuko wapi?" Akasema, "Ametuma hili." Jipya kabisa, karatasi ya duka bado imebandikwa kwenye mpini. Mzee Oyugi akauliza kama na wewe ulipozaliwa uliletwa na gunia. Nilicheka kuliko wote, ili wasiniangalie vizuri.

Metrine ni Mluhya, hakujua mila yetu sisi Wajaluo; akasema basi atalibeba yeye. Wazee wakamwambia akilibeba ameolewa na mimi. Alilitupa chini haraka mno. Niliumia kidogo.

Mwanangu, shoka hata hapa dukani lipo. Nilichoomba ni mkono wako.

Moto ulizimika tukikungoja wewe. Jogoo tulimla. Kesho watoto wanarudi darasani kwao. Nakuja Manyatta.

Baba yako

Manyatta, 30 Juni 2024

Baba,

Ulifika salama? Hata kwaheri hukusema. Winny aliamka kupika uji akakuta kiti kitupu.

Mwezi mzima na zaidi ulilala kwenye kiti, nje kwenye korido, ukidai unalinda viatu vyetu. Landilodi alidhani wewe ni askari, akakuuliza zamu inaisha lini. Nilicheka. Halafu nikaona miguu yako ilivyovimba, nikaacha kucheka. Winny analia, anadhani ni chakula chake.

Tajiri amenifukuza Ijumaa, na sikuwahi kukosa hata siku moja. Sasa nafasi ninayo. Niambie siku, nije nilibebe lile shoka mwenyewe.

Mwanao, Ondiek

Usenge, 21 Julai 2024

Ondiek mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Habari ya kazi imeniuma kuliko miguu. Mwambie Winny chakula chake hakikunifukuza. Bila ule ugali ningeondoka siku ya pili.

Usije na shoka. Wazee wamekaa, wamesema moto uliozimikia njiani hauwashwi tena kwa dala ileile. Nilibishana nao mpaka Oyugi akasinzia. Hata wangekubali, kile kilima kimerefuka tangu Mei.

Nakaa kwenye banda la omena la Metrine, ufuoni. Si dala yangu, si nyumba ya mwanangu, kwa hivyo sivunji mwiko wa mtu. Nanuka hivi kwamba paka wananiamkia. Maji yako hatua ishirini kutoka mlangoni. Jumapili iliyopita yalikuwa ishirini na sita. Metrine sijamwambia.

Wewe baki huko, tafuta kibarua kingine. Usihame kuja huku. Huku hakupo tena.

Ila nakudai kitu kimoja kidogo. Nilikukata kucha za miguu kwa wembe mpaka ukafika darasa la tatu, na ulikuwa unanipiga mateke. Sasa zangu zimejikunja kama pembe, kuinama siwezi, na Metrine naona haya kumwomba. Njoo siku moja tu, unikate. Mateke sitakupiga.

Baba yako