Nusu ya Sauti ya Baba

Ipole, Jumamosi, jioni.

Joto limeanza kulegea. Miyombo imetoa majani mapya, mekundu kabisa, na mvua haijanyesha hata tone. Kila mwaka naiona hali hii na kila mwaka nashangaa miti inapata wapi nguvu. Nimeshinda kwenye kizingiti cha bani la kukaushia tumbaku, tupu msimu huu, kwa sababu hapo ndipo mtandao wa simu unaposhika. Ukisogea kidogo kuelekea jikoni, umeshaupoteza.

Nimefanya jambo la kijinga, shajara yangu. Acha nilieleze polepole, maana bado niko kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha redio pale Tabora mjini. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini na kinasa sauti, kisha jioni, popote nilipofikia, natuma nilichorekodi kwenye seva ya kituo. Nikishatuma nafuta kadi, ili kesho yake nirekodi kijiji kingine. Mwaka juzi zamu ilinileta hapa nyumbani, nikamrekodi baba akieleza ufugaji wa nyuki. Yalikuwa mazungumzo marefu, ya kivivu, tumekaa nje tunakula karanga. Kipindi kiliporushwa mama alikuwa Ulyankulu kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua, hakukisikia.

Baba alifariki mwezi uliopita.

Kesho tunaanua tanga. Juzi mama aliniambia, bila kunitazama, huku anapepeta mchele: "Wewe si ulimnasa baba yako sauti? Nami nisikie, kabla watu hawajatawanyika." Mama yangu si mtu wa kuomba vitu. Nilijua ametafakari siku nyingi kabla ya kuyasema hayo.

Leo asubuhi nikampigia Rajabu, fundi wetu wa kompyuta, akanifungulia njia ya kuingia kwenye seva ya kazini nikiwa huku huku Ipole. Faili lilikuwepo, peke yake, halina nakala mahali pengine popote. Nikaandika kwenye kompyuta yangu amri ya kulinakili: unataja kwanza linakotoka, halafu linakokwenda. Nikabonyeza, nikaegemea ukuta na kuanza kulitazama likija.

Lilikuja taratibu mno. Asilimia moja, kimya, nyingine moja. Njia ya zamani ya misafara ilipita huku kwetu, na babu yake baba alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na mzigo begani, akarudi na hadithi ambazo ukoo haujazimaliza mpaka leo. Nikasinzia nikimuwaza. Nikaiona sauti ya baba imefungwa vifurushi vidogo vidogo, inatoka Tabora alfajiri, inapumzika Sikonge, inakunywa maji, inajitwika tena. Nikatabasamu peke yangu kama punguani.

Mtandao ukakatika katikati ya safari.

Nilipofungua kilichokwisha kufika, nusu ilikuwa nzima haina kasoro. Sauti ya baba ikatoka, ile ya kukwaruza, nikaizima haraka. Sikutaka kuisikia kabla ya mama. Mtandao uliporudi nikaandika amri upya, haraka haraka, kichwa bado kiko Sikonge na wale wapagazi. Safari hii lilikwenda bila kukwama hadi asilimia mia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kuku wakakimbia.

Nikaruka hadi mwisho ili nihakikishe. Baba akakatikia palepale.

Ndipo nikasoma nilichoandika. Nilikuwa nimeanza na kompyuta yangu, nikamalizia na seva. Sikulileta faili, nililipeleka. Nusu yangu imekwenda Tabora ikakaa mahali pa ile nzima, na ile nzima haipo tena.

Vidole vyangu vinajua njia moja tu. Miaka yote hii nimechukua sauti za watu vijijini nikazipeleka mjini, na sijawahi hata mara moja kurudisha kitu. Akili ikisinzia, mikono inafanya ilichozoea.

Rajabu aliangalia upande wake. "Dada Kabula, pole sana. Ya huku ina ukubwa uleule wa hiyo yako. Ile ya mwanzo imefunikwa, siwezi kuirudisha." Hakukata simu. Nami nikamshukuru kwa hilo.

Nikalia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikumbuki. Nilikuwepo! Kinasa sauti nilikishika mimi mwenyewe, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vile vitaa vyake vya kupimia sauti, isije ikapanda kwenye nyekundu. Baba alikuwa anazungumza na mwanawe, na mwanawe alikuwa kazini.

Nilimweleza mama kila kitu. Nilitarajia atanyamaza, ile namna yake ya kunyamaza inayommaliza mtu. Akasema tu, "Hiyo nusu ipo? Ilete."

Tukakaa sebuleni, madirisha wazi. Baba akaanza. Mti upi unafaa kutundikwa mzinga. Jinsi watu wanavyocheka siku ya kwanza kambini, porini, na wanavyoacha kucheka ugali ukianza kupungua. Kikohozi chake. Ganda la karanga linapasuka karibu kabisa na kinasa sauti. Mama ameinamisha kichwa, mikono magotini, kama yuko kanisani. Halafu baba akasema, "Sasa ukishafika chini ya mzinga, kabla hujawasha moshi, cha kwanza kabisa..."

Kimya.

"Unapiga hodi," mama akasema. Akacheka, machozi yanamtiririka. "Alikuwa anawapigia nyuki hodi, huyu mtu! Nikimcheka ananinunia njia nzima mpaka nyumbani."

Akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Baba akasema tena cha kwanza kabisa, akanyamaza, na mama akamjibu. Nikarudisha tena. Akamjibu jambo jingine, la shamba la mihogo. Tena. Safari hiyo alihamia Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, ile ya watu wawili ambao watoto wao wameshalala. Hakuwa tena anazungumzia nyuki. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikatoka nje, maana maneno yale hayakuwa yangu.

Sasa nimerudi kwenye kizingiti, naandika. Jua linashuka nyuma ya miyombo na kila kitu kimekuwa chekundu, hata mikono yangu. Najiuliza: lingefika faili zima, mama angepata wapi pa kuingilia? Baba angeongea hadi mwisho, tungefuta macho, tungefunga kompyuta.

Lakini sitaki kujifariji kwa uongo. Naitaka ile nusu nyingine. Nitaitaka maisha yangu yote, na hakuna mtu wa kumlaumu ila mimi.

Sauti ndani imekoma. Nadhani amebonyeza pasipotakiwa. Ananiita.

"Kabula, njoo umfungulie baba yako. Hajamaliza."