Nani Anaitwa Hooyo

Kwa habaryar Weris, mdogo wa mama yangu, huko Hadado,

Assalamu aleykum. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni. Mumeo atakusomea. Maziwa ya ngamia uliyotuma yamefika hapa Galbet bila kumwagika, Allah akulipe kheri. Mbuzi wetu amezaa pia.

Unakumbuka ulivyoniambia kwa simu? "Hawo, mtu hakami ngamia watatu kwa mara moja." Nikakujibu, "Mimi ninao wanne, habaryar!" Asubuhi nauza maziwa, mchana nachora maharusi hina, jioni napika arusini, tena niko chama cha akina mama. Tulicheka sana.

Basi wiki iliyopita nimetoka arusini, mwanangu Ugbad akanipita mlangoni, akamkimbilia jirani Sahra anayeshinda naye nikiwa kazini, akamwita "hooyo", mama. Sahra aliona haya. "We! Hooyo wako si huyu?" Mtoto akanitazama kama mgeni.

Nimeacha hina, nimeacha kupika, na chama nimewaaga. Wenzangu wananitania, "Hawo ametajirika!" Nimebaki na maziwa tu, naye Ugbad namfunga mgongoni twende sokoni pamoja.

Jana nikifua nilimwita vile sisi akina mama tunavyowaita watoto wetu, kwa jina letu wenyewe: "Hooyo!" Akaacha mchanga aliokuwa akichezea, akaja mbio, "Hooyo!" akanirukia na povu langu lote. Alhamdulillahi, na asante kwa lile neno lako la ngamia.

Ni mimi binti yako Hawo, hooyo wa Ugbad.