Kijana Aliyekuja Kuuliza Sifa

POLISI, KITUO CHA CIBITOKE, BUJUMBURA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ernestine Nabintu
Umri: miaka 51
Kazi: mwenye kiwanda kidogo cha yaourt (maziwa ya mgando) na juisi, Cibitoke
Makazi: Mutakura
Asili: Uvira, Kongo
Lugha ya maelezo: Kiswahili, kwa ombi lake
Kuhusu: lalamiko la Bw. Astère Barampama dhidi ya kijana Maxime Nduwarugira

Nimeonywa niseme kweli tupu, na mi nilitaka kuisema hata kabla ya kuulizwa. Kijana mliyemfungia humo ndani hana kosa. Wa kulaumiwa ni mimi na Muzee Astère, tena mimi zaidi. Lakini afande amesema nianze mwanzo, basi naanza mwanzo.

Mnamo tarehe 10 Juni 2025, siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi, nilikuwa kiwandani kwangu tukijaza chupa. Orlane Kaneza, binti anayesimamia maziwa pale kwangu, alikuwa ametoka kupeleka mzigo Rohero, katikati ya mji. Katika wafanyakazi wangu ni yeye peke yake mwenye diploma ya chuo kikuu. Alisoma hapa hapa mjini, na jina la chuo afande ameliandika pembeni.

Akaingia kijana. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa pamoja na vumbi lote la Cibitoke. Akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, hata sisi wenye mikono ya maji. Hakusema shida yake akiwa amesimama, alingoja apewe kiti. Ndipo akasema, "Mama, nimetumwa. Kuna watu wanataka kujua wale mulioajiri kutoka chuo kikuu wako namna gani." Nikamwambia hapa yuko mmoja tu, Orlane. Akasema, "Basi nitauliza juu ya huyo."

Afande, na wewe ni mtu wa hapa. Kijana amevaa hivyo, amekaa kwa adabu hivyo, anauliza sifa za msichana ambaye hayupo. We ungefikiri nini? Ukoo unaotaka kuoa hauvamii wazazi. Unatuma mtu kwanza, apite kwa majirani, apite kwa patroni aliyemwajiri, asikie binti anasemwaje. Warundi wanamwita umuranga. Mi nilimjua palepale, na roho yangu ilifurahi sana, maana Orlane nampenda kama niliyemzaa. Nikamwambia Spéciose, mfanyakazi wangu, aache chupa alete Fanta baridi. Mjumbe wa namna hiyo haongei koo likiwa kavu.

Akatoa tableti. Nikasema moyoni, dunia inakwenda kweli, siku hizi hata posa inaandikwa kwenye tableti. Akauliza kama anafanya kazi vizuri na wenzake, kama anaweza kutatua shida bila kusukumwa, kama anajifunza haraka. Kila swali lilitaka alama, toka moja mpaka kumi. Nilitoa kumi, kumi, kumi. Alipofika kwenye kupokea maelekezo nikatoa sita, nikasema ni mbishi kidogo. Kwetu binti hasifiwi bila kutiwa kasoro ndogo. Sifa tupu zinatisha watu, wanadhani unaficha ugonjwa. Kijana aliandika sita na uso wake haukubadilika, nikaona huyu amelelewa.

Halafu akauliza, "Mama, ungepata nafasi, ungechukua wengine kutoka pale alipotoka?" Nikajibu kwamba wadogo zake wawili bado wako shule, lise, wasiwe na haraka. Alinitazama kidogo, akacheka. Na mi nikacheka. Tulicheka sana pale, kila mtu na chake.

Mi si wa ukoo, kwa hiyo haikuwa haki nipokee ujumbe peke yangu. Baba yake Orlane alishafariki, anayesimama badala yake ni baba yake mdogo, Muzee Astère, mwalimu mstaafu wa Mutakura. Nikamwambia kijana angoje kidogo, kuna mtu wa kumsalimia. Nikapiga simu. Muzee alifika na koti na tai, jua lile. Mishikaki ya mbuzi ikaletwa kutoka kabare, baa ya jirani, na ndizi za kuchoma. Muzee akasimama, akaeleza ukoo wao tangu kwa babu, watu wa maneno machache, akasema, na akaendelea kusema mpaka mishikaki ikapoa. Kijana alikula kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. Alituambia kwamba katika maofisi yote aliyopita, wengine walimwambia arudi kesho, wengine walimwachia mbwa, hakuna waliompokea kama sisi. Spéciose akapiga vigelegele.

Hapo ndipo Muzee Astère alipouliza swali lake. "Vizuri, mutoto wetu. Sasa tuambie, waliokutuma ni nani?"

Kijana akajifuta mdomo. "Muzee, hata mi siwajui kwa sura. Wako Ulaya. Wanauliza habari kama hizi mu inchi zote za dunia. Halafu wanalinganisha, wanapanga nani wa kwanza, nani wa mwisho, wanatangaza."

Spéciose akaondoa sahani ya mishikaki.

Muzee akauliza, "Wanauliza watu wangapi?"

"Maelfu, muzee. Kila mwaka."

Afande, usimcheke Muzee Astère. Tunajua sote wasichana walioambiwa kuna kazi nzuri ng'ambo, wakaondoka, na mama zao mpaka leo wanangoja simu. Mi mwenyewe niliogopa. Muzee alimshika kijana mkono wa shati, akasema, "Twende ukaelezee polisi." Kijana alikuwa anarudia, "Ni utafiti tu, muzee, ni utafiti." Neno hilo lilizidi kututia hofu. Tulifika hapa kituoni saa saba, mi nikiwa bado na aproni na mabuti ya plastiki.

Orlane alitukuta hapa akitoka Rohero, Spéciose alikuwa amempigia. Akasikiliza lalamiko la baba yake mdogo mpaka mwisho. Akaomba kuona tableti iliyokuwa juu ya meza ya afande. Akasoma. Halafu akakaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi, na hakuna aliyeweza kumtuliza. Hata afande anayeandika haya alicheka. Andika, afande, ni kweli.

Ndipo Orlane akatueleza. Kuna watu ng'ambo wanaopanga vyuo vikuu vya dunia, na sehemu ya alama inatoka kwetu sisi tunaoajiri. Wanatuuliza vyuo gani vinatuletea watu wanaojua kazi. Kila patroni anataja anavyovijua, majibu ya wote yanajumlishwa. Huwa wanaandika kwa barua pepe. Ya kwangu ilikuja mwezi wa nne, nikaifuta, nilidhani ni wale wanaosema umeshinda gari. Kwa sababu wengi wetu hatujibu, safari hii buro moja ya utafiti ya Rohero ilipewa kazi ya kutuma vijana kwa mguu. Na chuo hakiruhusiwi kutuambia tuseme nini, wala kutupa zawadi. Kijana aliposikia neno zawadi aliuliza kutoka ndani, kwa sauti ndogo, kama ile mishikaki itaharibu utafiti.

Niseme na hili, afande, liandike vilevile. Mi niliingia Bujumbura na mtoto mgongoni na sufuria moja. Nimeulizwa karatasi, nimeulizwa nimetoka wapi na nitarudi lini. Maoni yangu hakuna aliyewahi kuyauliza. Leo watu walioko mbali huko, wasionijua, wanataka kujua mi naonaje, na jibu langu lina uzito sawasawa na la benki ya Rohero. Nilimuuliza Orlane mara mbili kama ni kweli, akasema ni kweli, mama. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Ila kazi ya kijana ilikuwa haijaisha. Majibu ya juma zima lazima yatumwe leo kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo yote yanatupwa, na buro haitamwita tena. Nikaomba atolewe amalize. Afande akakubali, ila amalizie mbele yake.

Kijana akasimama hapa bila mkanda wala kamba za viatu, maana mlivichukua mlipomfungia, akashika tableti, akaniuliza swali la mwisho: nitaje vyuo ambavyo kwa maoni yangu vinatoa wafanyakazi wazuri. Nikataja cha Orlane. Muzee Astère akaninong'oneza nitaje na kile anachosoma mwanawe. Kijana akasema, "Samahani, muzee, hairuhusiwi kumusaidia." Alimwambia hivyo mtu aliyemleta polisi. Mi nikasema, apana, sina kingine. Siwezi kusifu mboga ya jirani ambayo sijaionja.

Nikamuuliza kama ile sita inaweza kubadilishwa. Akasema, "Kama siyo maoni yako ya kweli, mama, inawezekana." Nikamtazama Orlane. Nikasema, basi weka nane.

Kwa hiyo naomba kijana Maxime aachiliwe leo hii, afike buro kwa wakati. Alikuja kuuliza kwa heshima, sisi ndio tuliojibu swali la kwetu.

Nimesomewa maneno haya nami nimeyakubali. Ni yangu yote, na hakuna aliyeninong'oneza.

Sahihi: E. Nabintu

MAELEZO YA OFISA
Shahidi alionekana mwenye akili timamu na furaha nyingi. Mlalamikaji ameondoa lalamiko lake na kuomba radhi. Majibu yalitumwa kutoka kituoni saa kumi kasorobo, na kijana akaachiliwa na kurudishiwa vitu vyake. Mlangoni, mzee Astère alimuuliza kijana kama yeye mwenyewe ameshaoa. Kijana alimtazama binti Orlane. Binti Orlane akamwambia afunge kwanza kamba za viatu.

Ofisa wa polisi (OPJ) Jovithe Bigirindavyi